Kwa Nini Wayahudi Bado Wanamngoja Masiya?



Katika darasa la wakatekumeni wa parokia yetu yuko mama mmoja asiyezungumza sana. Huketi nyuma, huandika kila kitu katika daftari lake, na mafundisho yakiisha huaga na kwenda zake kimya. Jioni moja, tulipokuwa tukisoma kitabu cha nabii Isaya, aliinua mkono akauliza: “Padre, Wayahudi ndio waliopewa vitabu hivi. Wamevisoma kwa lugha yao wenyewe tangu zamani, kabla babu zetu hawajalisikia jina la Isaya. Imekuwaje basi sisi tuone humo kwamba Yesu ndiye Masiya, na wao wasione?” Kabla sijafungua kinywa, kijana mmoja alimjibu: “Kwa sababu mioyo yao ni migumu.” Darasa likacheka. Mama yule akainama, akaliandika jibu hilo katika daftari.

Jibu lile limenikaa moyoni kwa majuma kadhaa. Ni fupi, ni jepesi, na lazima nikiri kwamba limewahi kusikika hata kutoka mimbarini. Makala hii ni jitihada ya kumpa mama yule, na yeyote mwenye swali kama lake, jibu ambalo linastahili kuandikwa katika daftari la mtu anayejiandaa kubatizwa.

Tuanze na neno lenyewe. Masiya ni neno la Kiebrania lenye maana ya “mpakwa mafuta”. Kwa Kigiriki likawa Kristo. Hivyo tunaposema “Yesu Kristo” hatutaji jina la ukoo, bali tunaungama imani. (Ndugu zetu Waislamu nao humwita Isa kwa jina la Masihi, ingawa hawamaanishi yale tunayoyamaanisha sisi, neno moja laweza kubeba mizigo tofauti.) Katika Agano la Kale waliopakwa mafuta ni wafalme na makuhani, na mara chache nabii. Daudi alikataa kunyosha mkono wake dhidi ya Sauli aliyekuwa akimwinda, kwa sababu Sauli, pamoja na ubaya wake wote, alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana (1 Sam 24). La kushangaza zaidi, Isaya sura ya 45 inampa cheo hicho Koreshi, mfalme wa Uajemi, mpagani ambaye hakumjua Mungu wa Israeli, kwa kuwa kwa mkono wake Mungu angewarudisha Wayahudi kutoka uhamishoni Babeli. Katika kurasa hizo, basi, neno hilo halimtaji mmoja tu atakayekuja mwisho wa nyakati.

Tumaini la kumngoja mmoja lilikua polepole, na lilikua katika maumivu. Nabii Nathani alimwahidi Daudi nyumba na kiti cha enzi cha kudumu (2 Sam 7). Lakini mwaka 587 kabla ya Kristo Wababeli waliuteketeza mji wa Yerusalemu pamoja na Hekalu, na ufalme wa ukoo wa Daudi ukakoma. Hapo watu wa Mungu wakabaki na ahadi isiyo na mfalme. Badala ya kuitupa ahadi, waliisogeza mbele: atakuja mwana wa Daudi atakayetawala kwa haki, atakayewakusanya waliotawanyika, ambaye siku zake mataifa hayatajifunza vita tena. Maneno hayo tunayasoma kila mwaka katika Majilio, wala si sisi tuliyoyatunga.

Hata hivyo, kufikia siku za Bwana wetu hapakuwa na picha moja ya Masiya ambayo kila Myahudi aliikubali. Wengi walimngoja mfalme wa ukoo wa Daudi atakayewafukuza Warumi, walioitwaa Yerusalemu mwaka 63 kabla ya Kristo. Magombo yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yanaonyesha kwamba jumuiya iliyoyahifadhi ilingoja wapakwa mafuta wawili, mmoja wa ukoo wa kikuhani wa Haruni na mwingine wa Israeli. Walikuwapo pia waliomngoja Mungu mwenyewe, bila kujishughulisha sana na Masiya. Kusema kwamba “Wayahudi walijua kabisa Masiya atakuwaje, wakamkataa kwa makusudi” ni kusema jambo ambalo historia hailifahamu.

Je, Myahudi mwamini wa leo angetujibu nini? Hatuna haja ya kubahatisha. Rabi Musa bin Maimoni, anayejulikana zaidi kama Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, aliandika mkusanyo mkubwa wa sheria za Kiyahudi, na katika sura za mwisho akaeleza jinsi Masiya atakavyotambulikana. Hatakiwi kufanya miujiza wala kufufua wafu ili athibitishwe. Atakuwa mfalme wa ukoo wa Daudi, mwenye kuizingatia Torati na kuwaongoza Israeli waishike. Akifanikiwa kulijenga Hekalu mahali pake na kuwakusanya Israeli waliotawanyika, hapo itajulikana hakika kwamba ndiye. Asipofanikiwa, au akiuawa, basi alikuwa kama wafalme wengine wema wa ukoo wa Daudi, lakini siye aliyeahidiwa.

Tazameni jinsi kipimo hicho kilivyo cha wazi. Humtambui Masiya kwa kusema yeye ni nani, bali kwa kutazama dunia imekuwaje baada ya kuja kwake. Myahudi anafungua dirisha, anachungulia nje, na kusema: bado.

Kipimo hicho kilisemwa mbele ya mfalme Mkristo mwaka 1263, mjini Barcelona. Mfalme Yakobo wa Kwanza wa Aragon aliitisha mjadala kati ya mtawa Mdominikani, Pablo Christiani, ambaye mwenyewe alizaliwa Myahudi, na Rabi Musa bin Nahmani, anayeitwa pia Nahmanides. Rabi alitoa sharti la kuruhusiwa kusema kwa uhuru, akaruhusiwa. Kwa mujibu wa masimulizi aliyoyaandika yeye mwenyewe, alieleza kwamba manabii waliahidi amani, lakini tangu siku za Yesu hadi siku ile dunia imejaa jeuri na unyang’anyi, na Wakristo wamemwaga damu kuliko wengine. Kisha akamgeukia mfalme na kumwambia ingekuwa vigumu kiasi gani kwake na kwa mashujaa wake kama kweli vita visingejifunzwa tena! Mfalme, asema Rabi, alimpa zawadi ya fedha. Miaka michache baadaye mzee huyo aliiacha nchi yake akaenda kumalizia maisha katika Nchi Takatifu.

Nilipoyasoma masimulizi hayo kwa mara ya kwanza nikiwa seminarini, niliyasoma kama mwanafunzi anayetafuta hoja za kumshinda mtu. Sasa nayasoma tofauti, kwa kuwa swali la Rabi nimeulizwa mara nyingi na Wakatoliki waliobatizwa tangu utoto. Nimeulizwa kaburini na mjane aliyekuwa akizika mtoto wa pili ndani ya mwaka mmoja: “Padre, kama Mkombozi amekwisha kuja, mbona mambo yako hivi?” Sikumwambia kwamba moyo wake ni mgumu.

Nahmanides alisema neno jingine ambalo tusilipite. Alimweleza mfalme kwamba kwa Wayahudi imani yao haisimami wala kuanguka kwa suala la Masiya. Mfarakano wenyewe hasa, alisema, uko kwenye fundisho la Wakristo kwamba Muumba wa mbingu na nchi alizaliwa na mwanamke. Alikuwa sahihi kuliweka hapo. Mara nyingi tunajadiliana kana kwamba pande zote mbili zinamtafuta mtu wa aina moja, na ubishi ni juu ya jina lake tu. Sivyo. Myahudi anangoja mwanadamu, mfalme mwenye haki, atakayetumwa na Mungu. Sisi tunaungama kwamba Masiya ni Mwana wa pekee wa Mungu, aliyetwaa mwili. Bwana mwenyewe aliigusa tofauti hiyo alipouliza hekaluni inawezekanaje Daudi amwite Masiya “Bwana” iwapo ni mwanawe tu (Mk 12:35-37).

Tuje sasa kwenye Maandiko yanayobishaniwa. Yako mengi, nitachukua mawili.

La kwanza ni Isaya 7:14. Katika Kiebrania mama wa mtoto Emanueli anatajwa kwa neno lenye maana ya mwanamke kijana. Wayahudi waliotafsiri kitabu hicho kwa Kigiriki, kabla ya Kristo, waliandika neno lenye maana ya bikira, na hilo ndilo alilolitumia Mathayo. Katika karne ya 2 Mtakatifu Yustino Mfiadini aliandika majadiliano yake na Myahudi aitwaye Trypho, na humo Trypho anasema kwamba unabii huo ulimhusu Hezekia, mwana wa mfalme Ahazi. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ahazi alikuwa amezingirwa na maadui, naye alihitaji ishara kwa ajili ya siku zake. Kanisa halikatai kwamba neno lile lilikuwa na maana kwa Ahazi. Linaamini kwamba Roho Mtakatifu aliweka ndani yake zaidi ya kile ambacho Ahazi angeweza kukiona.

La pili ni zito zaidi: wimbo wa Mtumishi anayeteseka, Isaya 52:13 hadi 53:12, somo letu la kwanza la Ijumaa Kuu. Ndilo alilokuwa akilisoma yule towashi Mwethiopia garini mwake, naye akamwuliza Filipo nabii anasema habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine (Mdo 8). Filipo alimhubiria Yesu. Rabi Rashi wa Ufaransa, mfafanuzi mkuu wa Maandiko aliyefariki mwaka 1105, alijibu swali lilelile kwa kusema Mtumishi ni Israeli, taifa zima linaloteswa kati ya mataifa. Wala hakulitoa hewani: sura za jirani, kama ya 41 na ya 49, zinamtaja Mtumishi kwa jina la Israeli waziwazi. Sisi tunaona pia kwamba katika sura hiyohiyo ya 49 Mtumishi anatumwa kwa Israeli, kwa hiyo lazima awe ni mmoja anayewasimamia wengi. Mjadala huu si wa mjinga na mwerevu.

Na hapa kuna jambo linalouma. Mwaka 1096, Rashi akiwa hai, makundi ya watu wa Vita vya Msalaba yaliwaua Wayahudi wa Worms na Mainz, miji alikosomea ujanani mwake. Waliouawa walikuwa watu wanaoisoma sura ile ya kondoo apelekwaye machinjoni wakijiona wenyewe ndani yake. Waliowaua walikuwa na msalaba ulioshonwa mavazini. Maaskofu kadhaa wa miji ile walijaribu kuwaficha Wayahudi, na hilo tulikumbuke. Lakini tusiulize kwa mshangao kwa nini baada ya hayo mahubiri yetu juu ya Masiya hayakusikika.

Sasa jibu letu ni nini kwa yule anayechungulia dirishani na kusema “bado”? Kwa kawaida tunasema Masiya anakuja mara mbili: kwanza katika unyenyekevu, kisha katika utukufu. Ni kweli, ndiyo imani ya Kanisa. Lakini Myahudi atajibu kwamba hilo la kuja mara mbili tumelibuni kwa kuwa mara ya kwanza kazi haikukamilika. Tukikaa hapo hatutafika mbali. Ni lazima tuonyeshe msingi ulipo, nao hauko kwenye mistari michache ya unabii iliyopangwa kama hesabu. Uko kaburini, asubuhi ya Dominika.

Tuwakumbuke wale wawili wa njia ya Emau (Lk 24). Walikuwa Wayahudi wema, na kipimo chao kilikuwa kilekile cha Maimonides: walitumaini kwamba Yesu ndiye atakayeikomboa Israeli, lakini ameuawa, basi siye. Tena aliangikwa mtini, na Torati inasema aliyetundikwa namna hiyo yuko chini ya laana (Kum 21:23). Hoja hiyo Trypho naye aliitoa kwa Yustino. Hawakubadilishwa na hoja. Walikutana na Mfufuka, wasimjue kwanza, kisha Maandiko waliyoyajua tangu utoto yakafunguka upya. Ufufuko ulitangulia, uelewa ukafuata. Mtakatifu Paulo, mwanafunzi wa Torati, naye alikiita Kristo msulibiwa kikwazo kwa Wayahudi (1 Kor 1:23), na alijua alichokisema kwa kuwa yeye mwenyewe alikwisha kujikwaa hapo.

Ndiyo sababu Tume ya Kipapa ya Biblia, katika hati yake ya mwaka 2001 juu ya watu wa Kiyahudi na Maandiko yao Matakatifu, ilieleza kwamba Mkristo anasoma Agano la Kale akitazama nyuma kutoka kwa Kristo, na kwamba namna ya Wayahudi ya kuyasoma Maandiko hayo ni namna inayowezekana. Hati hiyo ilikwenda mbele zaidi: kungoja kwao si bure, kwaweza hata kutuamsha sisi tukumbuke kwamba nasi bado tunangoja. Katekisimu (KKK 840) inasema jambo lilelile kwa lugha yake: sisi twangoja kurudi kwa Masiya aliyekufa na kufufuka, wao wangoja kuja kwa Masiya ambaye sura yake bado imefichika.

Nisieleweke vibaya. Kanisa halisemi kwamba kuna Masiya wa kwetu na mwingine wa kwao. Yesu ni Mwokozi wa wote, naye alizaliwa Myahudi, akatahiriwa siku ya nane, akasali zaburi za watu wake. Pamoja na hayo, Mtakatifu Paulo anatukataza kujivuna juu ya matawi ya asili ya mzeituni, sisi tuliopandikizwa kutoka mzeituni mwitu, kwa kuwa Mungu hazijutii karama zake wala mwito wake (Rum 11). Jinsi Mungu atakavyoutimiza wokovu wa Israeli ni fumbo lake. Hati ya Vatikano ya Desemba 2015 inafundisha kwamba Kanisa Katoliki halina taasisi wala haliungi mkono utume maalumu wa kuwaongoa Wayahudi, ingawa kila Mkristo anaitwa kuishuhudia imani yake mbele yao kwa unyenyekevu.

Kuhusu kosa la kuwaita Wayahudi wote “wauaji wa Kristo”, mafundisho ni ya wazi tangu muda mrefu kuliko tunavyodhani. Katekisimu ya Mtaguso wa Trento, katika karne ya 16, ilisema dhambi zetu Wakristo ndizo zilizomsulibisha, na hatia yetu ni kubwa kuliko ya Wayahudi, maana sisi twajidai kumjua. Papa Yohane XXIII aliamuru mwaka 1959 neno la dharau liondolewe katika sala ya Ijumaa Kuu. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate, ulitangaza kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo. Waandaaji wa maigizo ya Njia ya Msalaba katika vigango vyetu wangefanya vyema kuisoma aya ya nne ya tamko hilo kabla ya kugawa nafasi na mavazi.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linaenea. Ni lile la wahubiri wanaopuliza baragumu za pembe, wanaotundika bendera na kuuza mafuta ya “kutoka Yerusalemu”. Huko si kuwaheshimu Wayahudi. Ni kuwafanya pambo la ibada. Anayetaka kukutana na Wayahudi wa Afrika Mashariki walio hai aende karibu na Mbale, Uganda, kwenye jumuiya ya Abayudaya. Mwanzilishi wake, Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyekuwa Mkristo, aliisoma Biblia, akatahiriwa mwaka 1919, akaamua kuishika Torati. Vitabu vilevile, vikisomwa hapahapa kwetu, vilimfikisha mahali tofauti na pale vilipowafikisha mababu wa imani yetu. Nadhani yule mama angependa kulijua hilo.

Juma lililopita nilimwomba anionyeshe daftari lake. Jibu la kijana lilikuwa bado pale, na chini yake alikuwa ameacha mistari mitupu. Nimemwambia aiache hivyo hadi Ijumaa Kuu. Siku hiyo, katika yale maombi kumi tunayoyasali tukipiga magoti na kusimama, ombi la nne litakuwa kwa ajili yake na wakatekumeni wenzake. La sita litakuwa kwa ajili ya Wayahudi, ambao Bwana Mungu wetu alisema nao kwanza. Atasali nasi ombi hilo akiwa bado hajabatizwa. Kesho yake usiku, katika Mkesha wa Pasaka, nitampaka Krisma kwenye paji la uso.